Mvumo na mikwaruzo katika maiki za kifuani zisizotumia waya: chanzo chake hutafutwaje?

kamera_mezani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Ninarekodi mahojiano ya watu wawili kwa maiki za kifuani zisizotumia waya. Kila mzungumzaji ana transmita yake (kifaa cha kurushia sauti) kiunoni, na risiva (kipokezi) moja ya njia mbili inakaa mezani karibu na kompyuta mpakato. Sauti inatoka kwenye risiva na kuingia kwenye kompyuta kwa waya wa plagi ya milimita 3.5, na risiva yenyewe inapata umeme kutoka kwenye tundu la USB la kompyuta hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba chini ya sauti za wazungumzaji kuna mvumo usiokoma, wenye mlio mwembamba ndani yake, na zaidi ya hapo mzungumzaji mmoja husikika na mikwaruzo ya "ti-ti-ti-ti" inayokuja na kuondoka bila utaratibu ninaoweza kuufahamu. Nimekwisha kubadilisha maiki nikidhani kapsuli (kile kipande kidogo kinachonasa sauti) imekufa, lakini mvumo umebaki vile vile. Wapo wanaonishauri ninunue seti mpya, wapo wanaosema nifunge feraiti (kipande cheusi cha kubana juu ya waya) kwenye kila waya, na mwingine ameniambia nisafishe sauti kwa programu na niachane na habari za kutafuta chanzo. Kabla sijatoa fedha, ningependa kuelewa kelele hizi zinaingilia wapi.

fundi_mawimbi

Mkuu, usinunue chochote kwanza. Mfumo wako una kiungo kimoja cha redio katikati, na kiungo hicho ndicho kitakachokusaidia kugawa kazi, kwa sababu kelele yoyote unayoisikia imeingia ama kabla ya kiungo hicho, yaani kwenye kapsuli, waya wa maiki au transmita. Ama ndani ya kiungo chenyewe, yaani hewani. Ama baada yake, yaani kuanzia tundu la kutolea sauti la risiva hadi kwenye kompyuta. Tiba ya sehemu moja haifanyi kazi katika sehemu nyingine, na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha.

Mvumo wa umeme wa ukutani, ambao msingi wake ni 50 Hz, au 60 Hz katika nchi zinazotumia mfumo huo, huhitaji mara nyingi njia ya shaba ili uzunguke kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Kati ya transmita na risiva hakuna shaba. Transmita inakula betri, imevaliwa na mtu, na haikuunganishwa na ukuta wala kompyuta. Kwa hiyo mvumo wa aina hiyo ukisikika katika mfumo kama wako, mahali pa kwanza pa kushuku ni baada ya risiva, na hiyo ndiyo sababu kubadilisha maiki hakukusaidia kitu.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Washa kila kitu kama kawaida, vaa spika za masikioni, kisha bonyeza kitufe cha kunyamazisha sauti kwenye transmita. Katika transmita nyingi kitufe hicho huzima sauti lakini wimbi la redio hubaki hewani. Kelele ikitoweka, ilikuwa ikiingia kupitia maiki au waya wake. Ikibaki, zima transmita kabisa. Risiva nzuri itafunga mlango wake wa sauti yenyewe inapokosa wimbi, kwa hiyo ikiwa kelele imeondoka sasa, ilikuwa ya hewani. Na ikiwa bado inavuma wakati hakuna transmita hata moja iliyowashwa, basi imetoka kwenye risiva au baada yake. Kisha shusha kiwango cha sauti kinachotoka kwenye risiva. Kelele isiposhuka pamoja nacho, chanzo kimebanwa katika waya wa kutolea sauti, adapta za umeme, au kompyuta.

Fanya jaribio hili kwa utaratibu huo huo, na badilisha kitu kimoja kila mara. Mtu anayechomoa chaja, akahamisha antena na kubadilisha betri kwa pamoja, kisha akafurahi kwamba kelele imeisha, hajajua chochote, na itamrudia siku nyingine.

mhariri_wa_usiku

Ninaunga mkono, na ninaongeza jambo moja kwa wale ambao masikio yao hayajazoea kutofautisha kelele. Rekodi nusu dakika ya ukimya pamoja na kelele yake, kisha ifungue kwenye programu yoyote ya kuhariri sauti inayoweza kuonyesha masafa kwa mchoro. Umeme wa ukutani utaonekana kama mistari inayosimama kwa nafasi sawa: 50, 100, 150, 200 Hz na kuendelea. Mstari wa 50 ukiwa ndio mrefu kuliko yote, mara nyingi ni mvumo wa sumaku kutoka kwenye transfoma au waya wa umeme uliolazwa sambamba na waya wa sauti. Mistari ya 100 na jamaa zake wa juu ikitawala, sauti huwa kali zaidi, ya mnguruzo, na hapo shuku chaja, viendeshi vya taa za LED, au swichi za kupunguza mwanga, kwa sababu vifaa hivyo hukata na kugeuza mkondo wa umeme badala ya kuupitisha kwa ulaini.

Mlio mwembamba ulioutaja huenda ukawa mstari mmoja mkali kwenye 1,000 Hz, na marafiki zake kwenye 2,000 na 3,000. Hiyo ni alama ya USB. Katika kasi ya kawaida, USB hugawa muda katika vipande vya milisekunde 1, na katika kasi ya juu vipande hivyo ni vya mikrosekunde 125, ambavyo hutoa 8,000 Hz. Mkondo unaotumiwa hupanda na kushuka kwa mpigo huo, na ukipita kwenye waya wa ethi, yaani waya wa kurudishia mkondo, unaotumiwa pia na sauti, unausikia.

Mikwaruzo ya "ti-ti-ti" nayo ina saini yake, lakini nadhani fundi_mawimbi ataifikia.

kamera_mezani

Nimefanya majaribio kama mlivyoelekeza. Nilipozima transmita zote mbili, mvumo na ule mlio mwembamba vilibaki, ila mikwaruzo ilitoweka. Nilipochomoa waya wa USB ili risiva itumie betri yake ya ndani, mlio mwembamba ulikwisha papo hapo na mvumo ukapungua sana. Nilipochomoa na chaja ya kompyuta, pakawa kimya. Mchoro nao umeonyesha mstari wa 1,000 Hz kama mhariri alivyosema.

Swali langu sasa: je, inamaanisha chaja yangu ni mbovu? Na je, itanibidi kurekodi kwa betri tu siku zote?

fundi_mawimbi

Chaja si lazima iwe mbovu. Ulichokuwa nacho ni mzunguko wa ethi. Risiva ilikuwa imeungana na kompyuta kwa njia mbili kwa wakati mmoja: ethi ya waya wa USB na ethi ya waya wa sauti. Mkondo wa risiva, ambao ulitakiwa kurudi wote kupitia USB, uligawanyika, na sehemu yake ikarudi kupitia ngao ya waya wa sauti, yaani nyuzi za shaba zinazouzunguka waya wa ndani. Ngao hiyo ndiyo kipimo ambacho kompyuta inalinganishia sauti yako, kwa hiyo kila kitikisiko cha volti ndani yake huhesabiwa kuwa ni sauti. Sauti ya maiki ni ndogo mno, ya milivolti, na haihitaji kitikisiko kikubwa kuifunika.

Chaja nayo ina hadithi yake. Ndani ya chaja nyingi kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa umeme mdogo, na imewekwa kwa makusudi ili kupunguza kelele ya redio inayotoka kwenye chaja yenyewe. Chaja ya pini mbili, isiyo na ethi, huifanya kompyuta yote ielee kwenye volti fulani ya umeme wa ukutani, ingawa mkondo wake ni mdogo sana. Wengine wameuhisi kama msisimko mwepesi wanapopitisha kidole juu ya kasha la chuma. Kompyuta hiyo ikiguswa na kifaa kingine chenye njia ya kwenda ardhini, kama miksa, mkondo huo hupita kwenye waya wa sauti na kunguruma.

Kuhusu kurekodi kwa betri siku zote, si lazima. Ukitaka risiva idumu, ilishe kwa pawabanki yake peke yake, ambayo haijachomekwa popote. Ukitaka kompyuta ibaki kwenye chaja, weka transfoma ya kutenganisha sauti yenye uwiano wa 1:1 kati ya risiva na kompyuta. Sauti itavuka kwa sumaku, na shaba ya ethi itakuwa imekatika. Transfoma za bei ya chini hupunguza besi na huvuta mvumo zikikaa karibu na adapta, kwa hiyo iweke mbali na chaja. Kama risiva yako na kifaa kinachopokea vina matundu ya XLR (yale ya mviringo ya pini tatu) yenye nyaya zilizosawazishwa, hiyo ni njia bora kuliko zote, kwa sababu kelele huingia sawasawa kwenye nyaya mbili na kufutwa inapofika.

waya_mmoja

Kuna njia fupi zaidi ambayo mafundi wengi huitumia: kata pini ya ethi kwenye plagi ya chaja au ya miksa, au tumia kibadilishi kisicho na ethi. Mvumo huisha mara moja.

fundi_mawimbi

Mkuu, hapana, na ninaomba wasomaji wa uzi huu wasifanye hivyo. Pini ile ipo ili hitilafu ikitokea ndani ya kifaa na waya wa umeme ukagusa kasha, mkondo uende ardhini na kuangusha swichi kuu. Ukiikata, mkondo huo utamsubiri mtu wa kwanza atakayeshika kasha. Mvumo huisha kweli, lakini umeondoa kinga ya uhai ili kutibu sauti.

Kinachoweza kukatwa kwa usalama ni ngao ya waya wa sauti, upande mmoja tu, katika waya wa XLR wa kiwango cha laini (sauti iliyokwisha kukuzwa) usiopitisha umeme wa fantomu, yaani ule unaolisha maiki kupitia waya wa sauti. Hata hivyo transfoma ni safi zaidi, na huwezi kuisahau ndani ya mkoba na kuitumia siku nyingine mahali pasipofaa.

mwandishi_wa_habari

Nina hali tofauti kidogo. Risiva yangu ni ndogo, ya kuchomeka moja kwa moja kwenye simu, na inapeleka sauti kama data, si kwa waya wa sauti. Ninasikia mvumo kwenye spika za masikioni nilizochomeka kwenye risiva hiyo wakati simu iko kwenye chaja. Nitumie transfoma nayo?

fundi_mawimbi

Wewe huhitaji transfoma. Risiva inayopeleka data imekwisha kugeuza sauti kuwa namba kabla haijafika kwenye simu, na mvumo wa ethi hauwezi kujipenyeza ndani ya namba. Unachosikia ni mzunguko wa spika za masikioni pekee, ambao bado ni wa analogi, yaani sauti yake ni volti na si namba. Rekodi, chomoa chaja, kisha sikiliza faili lenyewe. Ninatarajia halitakuwa na mvumo. Na ikiwa faili lina mvumo kweli, basi umeingia upande wa transmita, kwenye waya wa maiki au plagi yake.

kamera_mezani

Upande wa kompyuta umetulia. Imebaki mikwaruzo ya "ti-ti-ti" kwa mzungumzaji mmoja, ambayo hutoweka ninapobonyeza kitufe cha kunyamazisha transmita yake. Kwa maelezo yenu, hiyo ina maana inaingia kabla ya kiungo cha redio.

fundi_mawimbi

Ndiyo, na muulize mzungumzaji huyo simu yake iko mfuko gani.

Simu inapotumia mtandao wa 2G haitumi wimbi lake mfululizo. Mfumo wa GSM, ambao ndio wa 2G, hugawa muda katika fremu za milisekunde 4.615, kila fremu ikiwa na vipande 8, na simu hutuma katika kipande chake tu kisha ikanyamaza. Mipigo hiyo hurudi takriban mara 217 kwa sekunde, na 217 Hz ni sauti ambayo sikio linaisikia vizuri kabisa. Nguvu yake si ndogo, kwani kwenye masafa ya 900 MHz simu ya kawaida inaweza kutuma hadi wati 2 katika kila mpigo inapokuwa mbali na mnara. Hapo utaelewa kwa nini mikwaruzo huja na kuondoka: simu hujitambulisha kwa mnara, hupokea ujumbe, hubadilisha mnara, kisha hutulia, yote bila mwenyewe kuigusa. Kwenye mitandao ya 4G mlio huu kwa kawaida si dhahiri kiasi hicho, lakini simu nyingi hurudi 2G zinapopigiwa au mtandao unapokuwa dhaifu.

Swali linalofuata ni jinsi wimbi la 900 MHz, ambalo hakuna sikio linaloweza kulisikia, linavyogeuka kuwa sauti. Ndani ya kapsuli ya maiki ya kifuani kuna transista ndogo inayopunguza ukinzani wa kapsuli ili sauti iweze kusafiri kwenye waya mrefu. Waya wa maiki una urefu wa zaidi ya mita moja, na wimbi la 900 MHz lina urefu wa sentimita 33 tu, kwa hiyo waya huo ni antena ya kutosha kabisa. Wimbi likifika kwenye transista, transista hiyo hulikata upande mmoja kama diodi inavyofanya, na kinachobaki ni umbo la mipigo yenyewe. Redio za zamani za AM zilipokea matangazo kwa kanuni hiyo hiyo. Hapa tu hakuna aliyeomba matangazo.

Watengenezaji makini huweka kapasita ndogo sana kati ya waya wa sauti na ethi, karibu kabisa na transista, ili wimbi la redio lipite pembeni. Thamani zinazotumika sana ni pikofaradi 33 kwa ajili ya 900 MHz na pikofaradi 10 kwa ajili ya 1,800 MHz. Maiki za bei ndogo mara nyingi hazina kapasita hizo, na wewe huwezi kuziweka bila kuipasua kapsuli. Tiba yako ni kuiweka simu katika hali ya ndege, si hali ya kimya, maana hali ya kimya huzima mlio tu na minara inaendelea kuzungumza na simu. Kama mzungumzaji hawezi kuachana na mtandao, simu ikae mita kadhaa kutoka kwake. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya wimbi hushuka hadi robo, kwa hiyo kuihamisha simu kutoka mfukoni hadi upande wa pili wa chumba ni badiliko kubwa mno.

risasi_na_koleo

Kama fundi wa kutengeneza nyaya, ningependa kuwakumbusha kwamba maiki moja ikisumbua na nyingine ya aina ile ile isisumbue huku simu zote zikiwa mbali, chunguza ngao ya waya kabla ya kitu kingine. Ngao hukatika mahali pawili hasa: pale waya unapoingia kwenye plagi, na pale unapotoka kwenye kapsuli, kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa kila siku. Shika chuma cha plagi kwa vidole. Kelele ikibadilika, ama kwa kupungua ama kwa kuongezeka, ethi ya waya huo haijakaa sawa, kwa kuwa mwili wako umefanya kazi ambayo ngao ilitakiwa kuifanya. Kisha pinda waya taratibu karibu na plagi huku ukisikiliza; mikwaruzo inayofuata mkono wako ni ya shaba iliyokatika, na hakuna kichujio kitakachoitibu.

Plagi zenyewe ni balaa lingine. Maiki zilizotengenezwa kwa ajili ya simu hutumia plagi yenye sehemu nne, ambapo sauti ya maiki hupita kwenye sehemu ya mwisho karibu na waya, na ethi kwenye ile inayofuata. Transmita nyingi zenye tundu la milimita 3.5 zinatarajia plagi ya sehemu tatu, yenye sauti kwenye ncha. Ukichomeka ya simu kwenye transmita ya namna hiyo, ncha haina kitu, mlango wa transmita unabaki wazi, na utasikia mnguruzo badala ya maneno. Kinyume chake pia hutokea: plagi ya sehemu tatu ikiingia kwenye tundu la pamoja (la maiki na spika za masikioni) la kompyuta, sauti hugongana na ethi, kompyuta haioni maiki ya nje, na inarekodi kwa maiki yake ya ndani bila kukuambia. Dalili yake ni sauti ya mbali yenye mwangwi wa chumba, na watu huilaumu redio bure. Isitoshe, watengenezaji wamepanga nyaya zao kila mmoja kwa namna yake. Shure hutumia plagi ndogo ya pini nne kwenye transmita zake nyingi za kiunoni, Sennheiser hutumia ya milimita 3.5 yenye skrubu, na kibadilishi kilichotengenezwa kwa kubahatisha ni chanzo cha kelele kama kilivyo chanzo kingine chochote.

Kama una chuma cha kulehemu, jitengenezee plagi bubu: plagi ile ile ya transmita, yenye rezista ya kama kiloomu 1.5 kati ya sauti na ethi, bila waya wala kapsuli. Ukiichomeka, transmita huona kitu kinachofanana na maiki iliyonyamaza. Kelele ikiendelea hata hivyo, tatizo limo ndani ya transmita au betri zake, na unaweza kuacha kulaumu nyaya.

kamera_mezani

Ilikuwa simu, na ilikuwa mfuko ule ule uliobeba transmita. Katika hali ya ndege hakuna mkwaruzo hata mmoja. Je, bado kuna haja ya feraiti?

fundi_mawimbi

Kwa hali yako sasa, hapana. Feraiti imekuwa dawa ya kila ugonjwa katika majukwaa mengi, wakati kazi yake ni moja: kuuzuia mkondo wa masafa ya redio usitembee juu ya ngao ya waya. Kwa mvumo wa 50 Hz haifanyi chochote. Kwa simu inaweza kusaidia, lakini kuibana tu juu ya waya hakutoshi sana. Waya ukizungushwa ndani yake mara kadhaa, uwezo wake huongezeka kwa mraba wa idadi ya mizunguko. Aina ya mchanganyiko wa feraiti pia huamua, kwani ule unaoitwa 31 umekusudiwa masafa ya chini hadi takriban 300 MHz, na ule wa 61 hufaa zaidi kwa mamia ya megahezi.

Kuna tahadhari moja ambayo wauzaji huisahau. Katika transmita nyingi za kiunoni, antena ni robo tu ya wimbi, kwa mfano sentimita 12.5 kwa 600 MHz, na ngao ya waya wa maiki ndiyo inayokamilisha upande wa pili wa antena. Ukiweka feraiti karibu sana na transmita, unaweza kupunguza umbali wa mawasiliano na kujiletea kelele ya aina nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo usizungushe waya uliobaki juu ya transmita au antena yake, kama tunavyoona watu wengi wakifanya ili nguo ikae vizuri. Kunja waya uliobaki kitanzi kilegevu, upande mwingine wa mkanda, na acha antena inyooke bila kugusa ngozi yenye jasho.

mwandishi_wa_habari

Na kelele za hewani zenyewe? Nimesoma majibu yote na bado sijaona dalili zake.

mhariri_wa_usiku

Dalili hutegemea kama mfumo ni wa analogi au wa dijitali. Ule wa analogi wa FM, katika masafa ya UHF (ya mamia ya megahezi), unapokosa nguvu huanza kutoa "shaaa" inayopanda na kushuka pamoja na maneno, halafu mipasuko, halafu unafunga. Wa dijitali hautoi "shaaa" kabisa. Hukatika, hutafuna silabi, au hunyamaza. Mtu akiniambia maiki yake ya dijitali ina mvumo laini wa mfululizo, ninajua bila kuiona kwamba tatizo si la hewani.

Zile za 2.4 GHz zinagombea nafasi kati ya 2,400 na 2,483.5 MHz pamoja na Wi-Fi, Bluetooth na oveni za mikrowevu. Chanzo ambacho watu hawakishuku ni USB 3.0. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya kiufundi yaliyoonyesha kwamba mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele pana inayofika kwenye 2.4 GHz, hasa karibu na tundu na plagi. Diski ya nje iliyo karibu na risiva inatosha kukata sauti. Itoe risiva hapo, ipandishe juu, na iweke mahali inapoonana na kifua cha mzungumzaji, kwa sababu mwili wa binadamu huzuia masafa hayo vibaya sana. Transmita ya 2.4 GHz iliyovaliwa mgongoni huku risiva ikiwa mbele ni kujitafutia ugomvi.

Kwa za UHF, angalia kwanza masafa yaliyoandikwa nyuma ya kifaa. Mikutano ya dunia ya mawasiliano ya redio ilitoa 694 hadi 790 MHz kwa ajili ya simu katika kanda ya Afrika na Ulaya, na Marekani nayo ilipiga marufuku maiki nyingi zisizotumia waya katika eneo kubwa la 600 MHz kuanzia Julai 13, 2020. Seti za zamani za masafa hayo bado zinauzwa zikiwa zimetumika, na mnara wa simu hauwezi kuombwa upishe.

kamera_mezani

Swali la mwisho kutoka kwangu: nikiongeza maiki ya tatu na ya nne za UHF, je, inatosha kuzipa masafa yenye nafasi sawa?

fundi_mawimbi

Nafasi sawa ndiyo mpangilio mbaya kuliko yote. Transmita mbili zilizo karibu huchanganya mawimbi yao ndani ya vikuza nguvu vyao na kuzaa mawimbi mapya. Yale yanayosumbua zaidi hupatikana kwa kuzidisha la kwanza mara mbili na kutoa la pili. Ukiwa na 520.0 na 520.5 MHz, utazaa 519.5 na 521.0. Kama maiki ya tatu umeiweka 521.0 ili nafasi zilingane, umeiketisha juu ya wimbi hilo. Ihamishie 521.3, na hata ukihesabu michanganyiko ya zote tatu pamoja, hakuna linaloangukia karibu zaidi ya 0.3 MHz na maiki yoyote. Kwa nne au zaidi, tumia makundi ya masafa yaliyopangwa na mtengenezaji, kwa kuwa hesabu hiyo amekwisha kuifanya. Ila usichanganye makundi mawili.

Mahali penyewe, washa risiva zote kwanza huku transmita zote zimezimwa, na uangalie vipimo vya nguvu ya wimbi. Kipimo kinachoonyesha kitu wakati hujawasha chochote kinakuambia kuna mtu mwingine kwenye masafa hayo, nawe hama. Kisha washa transmita zote, zitenganishe kwa hatua moja au mbili, maana zikikaa zimegusana mezani zitakupa majibu ya uongo, halafu zima moja moja na kutazama risiva ya ile iliyozimwa. Ikibaki kimya huku nyingine zote zikituma, masafa yake yanafaa. Ikifunguka na kutoa sauti ya mwingine au mkoromo, yahamishe masafa hayo na urudie kwa zote tangu mwanzo, kwa sababu kuhamisha moja hubadilisha hesabu ya nyingine.